Sikuona Vipindi vya Nyuma

Dada yangu alikuwa amekatazwa kuongea kwa siku kumi. Madaktari walimtoa uvimbe shingoni, na nilipofika wodini Jumanne asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, shingo imefungwa bandeji, daftari la mistari likiwa mapajani kama karani. Nilitoka Kipkelion, ambako kwa mwaka mmoja na kitu nilikuwa nikishona magunia ya mahindi katika ghala lililo karibu na stesheni ya zamani. Mpango wangu ulikuwa kumwona, kulala kwake siku mbili nimtunzie ng'ombe, kisha Alhamisi niende Sigor, ambako mtu fulani aliniahidi kazi ya kununua mbuzi.

Hakuniuliza habari za safari. Aliandika: "Leo ndiyo mwisho. Saa moja na nusu jioni. Uangalie yote, kesho uwaambie kituoni."

Nilidhani dawa zimempanda kichwani. Nikamuuliza mwisho wa nini. Akaandika tena, akikandamiza kalamu: "Tamthilia."

Kwetu, ukishapita Chepilat na kushuka kidogo, kuna kituo cha kuuzia majani chai. Ni kibanda cha mabati chenye meza ndefu za waya na mizani moja inayoning'inia. Akina mama hufika na vikapu saa nane mchana, na lori la kiwanda hufika linapotaka. Katika kungoja huko, kwa zaidi ya mwaka mzima, dada yangu alikuwa akiwasimulia kipindi cha jana yake. Yeye peke yake katika kijiji chetu alikuwa na king'amuzi chenye stesheni hiyo. Vijana wana mambo yao kwenye simu, hawajali. Lakini akina mama wale walikuwa wakimwekea nafasi kwenye benchi, na mvua ikinyesha mmoja alimshikia mwavuli ili asinyamaze. Majina ya watu wa tamthilia yalikuwa magumu, ya nchi ya mbali, kwa hiyo waliyaacha wakawapa majina yao wenyewe. Hayo yote niliyajua kwa juu juu tu, kama ninavyojua mambo mengi ya nyumbani.

Nilimwomba aniandikie nani ni nani. Aliandika mistari mitatu, akachoka, akaikata yote na kuandika "Utaelewa." Muuguzi alipoanza kutuambia saa za wageni zimeisha, aliandika neno la mwisho na kulipigia mstari: "Kogo anangoja."

Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na ndivyo tunavyomwita jirani wa dada yangu wa upande wa mtoni. Mwanawe wa mwisho tuliingia jandoni pamoja, tukakaa msituni pamoja, na kwa desturi yetu mama yake ni kama mama yangu. Mwanawe huyo alikwenda Uarabuni kufanya kazi ya ulinzi. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Kisha simu ikanyamaza, na sasa ni mwaka wa tatu.

Jioni hiyo nilikamua ng'ombe mapema nikakaa mbele ya televisheni saa moja na robo, kalamu mkononi. Kwanza alitokea bibi mmoja tajiri mwenye fimbo ya kichwa cha fedha, akimfokea msichana aliyevaa gauni la arusi. Midomo yao ilifumba kabla maneno hayajaisha, kwa sababu sauti zao zilikuwa zimewekwa Kiswahili na watu wengine, tena Kiswahili safi ambacho kwetu tunakisikia redioni tu. Nikaandika: Bibi wa fimbo hamtaki bibi arusi. Baada ya dakika tano wakakumbatiana wakalia wote wawili. Nikafuta. Mwanamume mwenye masharubu akaingizwa kanisani na polisi, akapiga kelele kwamba yeye ndiye baba. Baba wa nani hakusema. Muziki ukapiga, wakaonyeshwa watu saba mmoja mmoja wakishtuka, na mtu pekee ambaye hakushtuka nilikuwa mimi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuwatambua kwa nguo. Baada ya matangazo wote walikuwa wamebadilisha nguo, nami nikawaandika upya kama watu wengine. Ukisoma daftari lile, familia hiyo ina watu mara mbili.

Mwishoni kabisa yule bibi wa fimbo alikwenda makaburini peke yake. Alipiga magoti mbele ya jiwe lenye picha ya kijana, uso wa mviringo, nywele zimechanwa upande. Alisema, "Mwanangu, sasa unaweza kulala." Kisha maharusi wakatembea kando ya maji, maandishi yakaanza kupanda, kipindi kikaisha. Nilibaki nimeketi kama mtu aliyeingia matangani bila kumjua marehemu, akapewa chakula akala.

Sikuona ajabu sana. Tulipokuwa wadogo mwalimu mmoja wa shule yetu ya msingi alikuwa na televisheni ya betri ya gari. Jumamosi alitufungulia mlango tukajaa sakafuni, na mara nyingi betri iliisha kabla ya filamu. Picha ilijikunja ikawa doa jeupe katikati ya kioo, kisha giza. Tulirudi nyumbani tukibishana mwisho ulikuwaje, na dada yangu ndiye aliyetuamulia. Alisema fulani alimwoa fulani, mbaya akaanguka shimoni, nasi tukatosheka. Nilipohama nikakosa mtu wa kuniamulia. Hata baba alipougua nilikuwa mbali, nikafika siku ya mazishi, nikawa naulizia vipindi vya nyuma kwa watu waliokuwa wakichota maji.

Kesho yake, saa nane, nilikwenda kituoni. Walikuwa wamesikia kwamba nitakuja. Mama mmoja mwenye mdomo mkali, aliyekuwa akichagua majani magumu kutoka kikapu chake kabla karani hajaja kuyakagua, alinionyesha kwa kidole. "Simama hapo, ndipo dada yako husimama."

Nikafungua daftari. Nilisema kulikuwa na bibi mwenye fimbo.

"Huyo ni Mama Mkwe," wakanisahihisha watatu kwa pamoja.

Basi Mama Mkwe, nikasema, alimkumbatia bibi arusi.

Yule wa mdomo mkali aliacha kuchagua majani. "Amkumbatie Binti wa Jikoni? Na sumu aliyomwekea kwa chai?"

Nilikiri kwamba habari ya sumu siijui. Waliniuliza kuhusu shamba, nikasema sikuona shamba. Waliniuliza kama Mchungaji wa Uongo amefungwa, nikasema nilimwona mtu mwenye masharubu na polisi, wakaniambia Mchungaji wa Uongo hana masharubu, mwenye masharubu ni mtu mzuri. Nilipotaja bibi mwingine wa gauni la bluu waliniuliza huyo ametoka wapi, na baada ya mabishano ikajulikana ni Mama Mkwe yule yule.

"Tumemtuma mtu atuletee mwisho," alisema wa mdomo mkali, "ametuletea arusi ya watu wa Kipkelion."

Walicheka hadi karani wa mizani akatoka nje kuangalia. Nami nilicheka. Nilianza hata kufurahia, na nilikuwa nimefikia karibu na makaburi. Hapo Kogo, aliyekuwa ameketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa na kikapu kidogo kisichojaa, akainua mkono kama mtoto darasani.

"Mtoto wangu," alisema, "na Kijana wa Meli? Amefika?"

Kicheko kilikatika. Nikauliza Kijana wa Meli ni yupi. Wakanieleza polepole, kwa sauti ambayo hawakuwa nayo walipokuwa wakinitania, kwamba ni mtoto wa Mama Mkwe, aliyeondoka na meli, mrefu, mwenye mwanya mpana, ambaye juzijuzi alituma barua kutoka bandari fulani kwamba yuko njiani.

Nilipitisha kurasa. Katika watu wote niliowaandika mara mbili mbili hakukuwa na mrefu mwenye mwanya. Mwana wa Mama Mkwe nilikuwa nimemwona mmoja tu, na alikuwa kwenye jiwe. Mwenye mwanya niliyemjua mimi ni mwenzangu wa jandoni, ambaye tulikuwa tukimtania kwamba angeweza kunywa uji bila kutenganisha meno. Nikainua macho. Kogo alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti.

"Stima ilipotea," nikasema. "Arusi ilikuwa imeisha, wanaelekea mahali, stima ikapotea, televisheni ikazimika."

Stima haikuwa imepotea. Kwetu laini ni moja inayopita kijijini, ikikatika inakatika kwa wote, na zaidi ya nusu ya akina mama wale wana stima nyumbani. Nilimtazama yule wa mdomo mkali nikijua ataniumbua. Alitoa jani moja gumu, akalitupa chini.

"Hata kwangu ilipotea," alisema. "Nilisonga ugali na tochi."

Mwingine nyuma yake akasema kwake pia, na jokofu likamwaga maji. Karani akamtazama, akanitazama, akarudi kwenye mizani yake.

"Hawa watu wa stima," alisema Kogo. "Jumamosi mchana wanarudia. Dada yako aliniambia. Nitakuja kwenu tuangalie pamoja."

Alhamisi sikwenda Sigor. Nilikwenda hospitali. Nilipomwuliza dada yangu kuhusu Kijana wa Meli, aliandika: "Alikufa zamani. Meli ilizama. Siku hiyo Kogo alikuwa amekaa mbele kabisa. Sikuweza." Chini yake akaongeza: "Nikasema alishika ubao."

Kwa hiyo kwa miezi mingi alikuwa akisimulia tamthilia mbili, ya televisheni na ya yule kijana aliyeshika ubao, akazishona pamoja kila siku kabla lori halijafika. Alimpa mwanya. Alimwandikia barua. Nilimwuliza alitaka mimi niseme nini, mtu ambaye hata ya kwanza sikuijua. Akaandika: "Ulisema nini?" Nilipomwambia stima ilipotea, alicheka bila sauti, mikono imeshika bandeji, machozi yakamtoka. Nilimwuliza kama wale wengine wanajua. Akaandika: "Sijui wanajua nini." Nilipomweleza habari ya Jumamosi, alilifunga daftari.

Nilimpigia simu mtu wa mbuzi nikamwomba anipe hadi Jumatatu. Alisema wanaoitaka kazi hiyo ni wengi.

Ijumaa dada yangu aliruhusiwa kurudi nyumbani. Jumamosi Kogo alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na kitambaa cha kanisani kichwani, akakaa kwenye kiti cha dada yangu. Dada yangu alikaa kitandani karibu na mlango wa jikoni, daftari limefungwa. Mimi nilikaa ukutani. Swichi ya soketi ilikuwa karibu na kiwiko changu, na niliifikiria kipindi kizima. Ningeigusa tu. Lakini stima kupotea mara mbili mahali pale pale, hata mimi nisingeamini.

Kogo alipotea kama mimi nilivyopotea. Watu hao alikuwa ameishi nao mwaka mzima bila kuwaona, na sura alizowapa hazikuwa hizi. Aliniuliza huyu ni nani. Nikamwambia Mama Mkwe.

"Mbona amekonda hivi?"

Kogo alimwona Binti wa Jikoni kuwa mzee. Yule mwenye masharubu, Kogo alimpenda mara moja. Mimi sasa niliwajua kidogo, nikawa namtajia nani ni nani, na mara mbili dada yangu alitikisa kichwa kunisahihisha. Kisha bibi wa fimbo akaenda makaburini. Akapiga magoti, picha ya kijana ikajaa kioo kizima. "Mwanangu, sasa unaweza kulala."

Kogo alisogea mbele hadi ukingoni mwa kiti. Maharusi walianza kutembea kando ya maji, hakuwaangalia.

"Yule wa kwenye picha ni nani?" Aliniuliza mimi, kwa sababu dada yangu hakuruhusiwa kusema. Dada yangu alitazama daftari lake bila kulifungua.

"Sijui, Kogo," nikasema. "Sikuona vipindi vya nyuma."

Kwa maneno tu, ilikuwa kweli.

"Hana mwanya," alisema.

"Hana."

"Wala si mrefu."

"Picha haionyeshi urefu," nikasema, na kabla sijamaliza nilitamani nirudishe maneno hayo kinywani. Aligeuka akanitazama. Sikujua anatafuta nini usoni mwangu, na hadi leo sijui kama alikipata. Maandishi yalianza kupanda. Niliponyoosha mkono kuchukua rimoti alinizuia.

"Acha kwanza."

Tukangoja. Maandishi yakaisha, likaja tangazo la sabuni ya kufulia, kisha mtu wa habari. "Meli hawakuionyesha kabisa," alisema Kogo, na dada yangu akakubali kwa kichwa, polepole, kwa sababu ya mshono. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Akatikisa kibuyu, akanimiminia mursik kikombe kikubwa, akasimama juu yangu hadi nikakimaliza, kama alivyokuwa akifanya zamani tulipotoka msituni. Aliniuliza Sigor nakwenda lini. Nikamwambia labda Jumatatu, labda wamepata mtu mwingine, sijui.

"Ukienda," alisema, akifunga kibuyu chake, "simu uwe unashika."