Nilisema ni Uchafu

Kosa ni langu, na sitafuti wa kugawana naye. Shetani hakunituma. Siku hiyo nilikuwa peke yangu, nimeshiba, na akili yangu ilikuwa timamu kabisa.

Mimi nauza mitumba sokoni Otonglo. Sinunui kitu kwa bei ya kwanza, hata nyanya. Chenji naihesabu mara mbili, na nikipewa na ndugu yangu, mara tatu. Ujanja wangu ni mmoja tu: tafuta kasoro, itaje kwa sauti, halafu nyamaza. Mwenye mali atashusha bei mwenyewe.

Mwaka jana mke wangu aliona kwa simu nyumba za watu zimepambwa kwa ramani za zamani za nyota. Akataka moja sebuleni. Nikaulizia, nikaelekezwa kwa mzee mmoja karibu na Dunga, mwalimu mstaafu wa jiografia. Mkewe alikuwa amefariki, naye alikuwa anauza vitu ili ahamie kwa binti yake Port Victoria.

Jamani, ramani ilikuwa nzuri! Karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa, nyota nyeusi zimetapakaa kama mbegu za mchicha. Moyo wangu uliruka. Uso haukuruka. Uso nimeufundisha kazi.

Nikatafuta kasoro. Hakukuwa na tundu wala doa. Ila kando ya nyota kadhaa kulikuwa na maandishi madogo ya penseli. Sikuyasoma. Ya nini? Sikuja kusoma.

"Mwalimu, hii imechafuliwa. Nani atatundika uchafu nyumbani kwake?"

Nikanyamaza, kama kawaida yangu. Mzee akaisogelea ramani. Macho yake yalikuwa na ukungu, aliona vivuli tu.

"Uko wapi huo uchafu?"

Nikahesabu. Mahali kumi na moja. Nikahesabu tena. Kumi na moja.

Akapapasa ndani ya droo, akatoa raba. "Nionyeshe."

Na mimi, mtoto wa watu, nikashika kidole chake nikakipeleka mahali pamoja baada ya pengine. Akafuta polepole, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Pale pa mwisho, chini kabisa, penseli ilikataa kutoka. Nikasema, "Hiyo bado inaonekana, Mwalimu." Akakandamiza raba mpaka karatasi ikatoa manyoya.

Akanipunguzia mia mbili. Mia mbili! Nilitoka pale nikipiga mluzi.

Ramani ilikaa ukutani wiki mbili. Wageni wakaisifu, nami nikawasimulia ushindi wangu. Halafu asubuhi moja jua liliingia dirishani kwa upande, mke wangu akiwa anapanguza vumbi.

"Baba Achieng', hii imeandikwa. Njoo uone."

Penseli ilikuwa imetoka, lakini mikwaruzo yake ilibaki. Tukasoma tumepinda shingo kama kuku. "Hii nimeiona. Ndogo kama dagaa omena." Kando ya nyingine: "Uliahidi itang'aa. Mwalimu, umenidanganya tena." Na nyingine: "Hapa nilisinzia. Nihesabie tu."

Mke wangu akanigeukia. "Ulijua ni ya mkewe?"

"Nilijua ni penseli."

Aliishusha ramani mwenyewe.

Nilirudi Dunga siku hiyo hiyo. Mizigo ya mzee ilikuwa imeshafungwa, iko mlangoni. Nikamweleza yote: kwamba penseli haikunisumbua hata kidogo, kwamba yalikuwa maneno ya bei tu.

"Kwa nini hukunifukuza, Mwalimu?"

"Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "ulishasema ni uchafu. Ningeanzaje kukwambia ni mke wangu? Niliona haya."

Yeye ndiye aliona haya!

Akaniomba nimsomee. Nikaiinamisha ramani dirishani, nikasoma. Kila aliposemwa na mkewe, alicheka. Tulifika kumi.

"Sasa ile ya chini. Aliandika akiwa mgonjwa. Inaanza, 'Ukitoka nje bila mimi.' Mwisho wake umenipotea. Inaisha aje?"

Nikaigeuza huku. Nikaigeuza kule. Manyoya matupu.

"Haisomeki, Mwalimu."

Akapapasa yale manyoya kwa kidole. "Ee. Hiyo ndiyo uliniambia bado inaonekana."

Nilitamani sakafu inimeze.

Ramani nilimwachia, akaenda nayo kwa binti yake. Ukutani kwetu pamebaki msumari, na mke wangu amenikataza kuung'oa. Siku hizi nikianza kulalamikia kitu dukani, ananiuliza mbele ya watu: "Hiyo ni kasoro kweli, ama ni bei?" Wauzaji wanacheka. Mimi nalipa.

Ndugu zangu mnaopenda kushusha bei, shusheni! Ombeni, nuneni, ondokeni hatua tatu mwitwe tena. Lakini usiite kitu cha mtu uchafu ilhali moyoni unajua ni kizuri. Kuna mtu atakuamini, achukue raba.