Titi la Kitambaa

Kila nipitapo duka la magodoro, harufu ya sponji mpya hunirudisha kijijini kwetu Kisian, kando ya ziwa, miaka ya sabini ikianza, kwenye kanisa letu lililojaa akina mama.

Siku hiyo alikuja Mama Daktari, mpasuaji wa hospitali ya mjini. Wengi hawakuwa wamewahi kumwona mwanamke wa kazi hiyo. Mzee mmoja aliuliza pale mlangoni, "Mwanamke apasue mtu?" Mama yangu akamjibu, "Na ngege, samaki unayemla jioni, Mzee, hupasuliwa na nani?" Kanisa zima likacheka.

Daktari alitoa mkobani titi la kitambaa alilolishona mwenyewe, limejaa sponji, na katikati ya sponji punje ya haragwe. Likapita mkono kwa mkono. "Fumbeni macho, mtafute," alisema. "Mkipata kitu kama hiki mwilini, njooni kabla hakijauma." Kwetu saratani haikutajwa. Watu walisema ni chira, adhabu ya kuvunja miiko, wakatafuta dawa za miti. Alipoondoka alimwachia Mama lile titi, awaonyeshe waliokosa kufika.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mipira yetu watoto ilikuwa ya matambara, haikudunda. Mama alipokwenda sokoni nililitoa kabatini, tukalicheza na wenzangu ufuoni mpaka likapasuka, sponji ikaelea ziwani.

Jumapili yake Shangazi Dorka, dada ya baba, alifika kutoka Nyamasaria. Alikula, akasifu mboga, akauliza habari za kuku. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Nasikia Daktari aliacha kitu cha kushika. Nataka tu kulinganisha."

Mama alitafuta nyumba nzima. Mimi niliitazama sahani yangu.

"Labda ni panya," nikasema.

"Panya gani huyo wa kubeba titi?" Shangazi akauliza, wakacheka mpaka wakapangusa machozi.

Mama akamwambia, "Basi njoo chumbani nikuangalie mimi."

"Wacha tu, wifi. Hakiumi hata." Akajifunga leso yake, akaenda zake.

Alipofika hospitalini, miezi baadaye, kilikuwa kinauma. Daktari hakumgombeza. Alimshika mkono tu. Tulimzika kabla ya mvua za masika, na Mama, miaka mingi baadaye, alikufa akiamini ni panya.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilikuwa mtoto, sikujua. Lakini siku ile ufuoni nilicheza pekupeku. Teke la kwanza tu, kidole changu cha mguu kiliigusa ile punje, na nikajua ni ya nini.