Kifungo Kimekwisha, Daraja Bado

Enzi za Wabelgiji, nikingoja karatasi ya ruhusa ya safari katika ofisi ya serikali hapa Kasongo, nilimwona mama aliyetoka Wamaza kwa miguu kumchukua mume wake gerezani. Mume alikuwa amefungwa miezi miwili kwa kutolima pamba ya lazima ya serikali, na tangu miezi hiyo iishe zilikuwa zimepita siku tisa.

Karani hakuinua hata kichwa. "Kifungo kimekwisha, mama, lakini daraja bado. Wafungwa wote iko kule wanajenga. Rudi mwezi ujao."

"Baba karani, mwezi huu ndio wa kupanda. Mulimufunga kwa sababu hakulima. Sasa munamuzuia kulima. Kisha mutamufunga tena?"

Karani akacheka, akamwonyesha mlango kwa kalamu. Mama akaketi sakafuni, akanyoosha miguu iliyovimba. "Basi nitamungoja hapa."

Polisi wawili wakamburuta mpaka nje. Sisi tuliokuwa kwenye mstari tukatazama ukuta, nami nikiwa mmoja wetu.

Mume alitoka msimu wa kupanda umekwisha. Msimamizi wa pamba alipofika Wamaza akakuta shamba ni majani matupu, akamrudisha gerezani kwa kosa lile lile.

Leo nasikia watu wakisifu kwamba zamani sheria ilikuwa sheria. Hakimu alisema miezi miwili. Siku zilizozidi, nani alizihukumu? Mtu aliyemaliza kifungo chake akazuiliwa si mfungwa tena. Huyo ameibwa.