Mita Mbili Juu ya Mazuku

Ninaisimulia mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka Mugunga, maana kule wanaisimulia kwa mikono na miguu, wanalala kabisa chini kuonyesha nilivyoanguka, na wigi langu nasikia wamelipa jina. Aibu ya kuanguka nimeshaizoea, hata mimi huwa nacheka kidogo. Kuna sehemu moja tu ambayo bado siwezi kuicheka, nayo nitaifikia, msiniharakishe.

Mnajua kazi yangu ni kufunga vifaa vya kupima hewa. Ni visanduku vidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, vina betri isiyozidi kidole gumba, na betri hiyo inakaa miaka kwa sababu kifaa chenyewe kinalala karibu muda wote, kinaamka kila robo saa, kinapima, kinatuma neno moja au mawili kwa redio, kisha kinalala tena. Hakihitaji umeme wala mtandao wa simu, na neno lake linafika mbali, kilometa kadhaa, mpaka kwenye kipokezi tulichokiweka juu ya paa la kanisa, na kutoka hapo linaingia kwenye simu yangu. Kijani maana yake hewa ni nzuri. Nyekundu maana yake kimbia.

Hewa tunayoitafuta ni mazuku. Kwa ninyi mliokulia Goma sina la kuwafundisha, lakini mimi nilizaliwa upande wa Bukavu, kule hatuna kitu hicho, na nilikijua kwa kukisoma tu (hapo ndipo mkasa wote ulipoanzia). Ni hewa inayotoka chini ya mawe ya volkano, haina harufu, haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajaa kwenye mabonde na mashimo kama maji yanavyojaa, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka, na anayeiingia anaishiwa pumzi kabla hajajua kimempata nini.

Pale Mugunga kuna shimo moja kati ya nyumba na njia ya kwenda kuteka maji ziwani. Si kubwa, chumba kimoja na nusu hivi, kina chake kinapita kidogo urefu wa mtu, na zamani njia ya mkato ilikuwa inapita humo ndani. Watu waliiacha, wakawa wanazunguka kwenye mawe makali, wamama wamebeba bidoni za maji mgongoni, kamba imewakata paji la uso, na walichotaka kwetu kilikuwa kitu kimoja tu, wajue ni saa ngapi wanaweza kupita pale bila kufa.

Nyumba iliyo karibu zaidi na shimo ni ya Mama Vumilia, mjane, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Ukingoni mwa shimo alikuwa amechomeka kijiti kimefungwa kitambaa chekundu. Siku ya kwanza alinitazama nikifunga kifaa changu kwenye nguzo ndani ya shimo, chini, usawa wa magoti, kama kitabu cha kazi kinavyosema, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameridhika, akarudi kwa maharage yake.

Basi kifaa kikagoma. Si kwamba kiliharibika, kilipima vizuri, ila neno lake halikutoka, kwa sababu shimo limezungukwa na mawe na redio haipendi mawe. Dawa yake ilikuwa rahisi, unaacha kifaa chini pale pale, unapandisha antena peke yake kwa waya mrefu. Waya ulikuwa ofisini, mjini. Jua lilikuwa la saa saba, mgongo ulikuwa umeloa jasho, na mimi nikawaza, kwani antena na kifaa si ndugu, kwa nini nisivipandishe vyote pamoja? Nikakifungua, nikapanda juu ya nguzo, nikakifunga mita mbili na zaidi kutoka chini. Simu ikalia hapo hapo. Kijani.

Mama Vumilia akatoka tena, akainua macho.

“Enjenyeri, juu ya nini umekipandisha?”

“Ili rezo iingie, mama, neno lake lifike kanisani.”

“Lakini ile kitu inakaaka chini.”

“Mashini inajua kazi yake, mama, usijali.”

Hivyo ndivyo nilivyomjibu, mama mtu mzima, mimi niliyeijua mazuku kwa kuisoma. Kumbe kifaa changu kilikuwa kimefika usawa wa ukingo, kimetoa kichwa nje ya shimo, kinapima upepo mzuri wa ziwa unaopita juu, na chini yake kitu chenyewe kimelala kimetulia.

Wiki tatu zikapita, kijani usiku na mchana. Nami badala ya kujiuliza ni vipi shimo linaloogopwa na mtaa mzima liwe zuri hata alfajiri, nilifurahi! Nilipeleka ripoti, mkubwa wangu akafurahi kunishinda, akampigia shefu wa mtaa, wakapanga siku ya kufungua njia mbele ya watu wote, saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu baadaye mkubwa alikuwa na mkutano mjini. Kila nilipokwenda pale mimi nilikwenda mchana, jua likiwaka na upepo ukivuma. Sikuwahi kuliona shimo lile asubuhi hata mara moja.

Siku moja kabla, nilikwenda kusafisha. Nikakiona kile kijiti na kitambaa chake, nikaona kitaharibu picha, watu watauliza kama njia ni salama alama ya hatari ni ya nini. Nikaking’oa. Kile kitambaa nikakifungua, nikafutia vumbi kwenye kifaa, nikafutia mafuta ya koleo, halafu (hapa ndipo ningependa ardhi inimeze) nikafutia viatu, nikakisokomeza kwenye mfuko wa mgongoni.

Asubuhi ilifika imetulia, hata jani halitikisiki. Watu walijaa ukingoni, shefu amevaa koti, mkubwa wangu amesimama mbele, na upande wa njia wamama wamejipanga na bidoni zao tupu, wengine na watoto mgongoni, wawe wa kwanza kupita. Mimi nilikuwa nimevaa wigi jipya na suruali nyeupe, mfuko wa kazi mgongoni. Suruali nyeupe, Mugunga, kwenye mawe meusi!

Shefu akasema, “Bamama, tumushukuru enjenyeri wetu. Mashini imesema njia iko bien, haina hatari.”

Wakapiga makofi. Mama Vumilia hakupiga. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, anatazama pale kijiti chake kilipokuwa.

“Mimi niko na swali,” akasema. “Kama iko bien, enjenyeri ashuke wa kwanza. Afike chini kabisa. Kiisha bale batoto bafuate.”

Watu wakacheka, wakadhani ni utani, nami nikauchukua kama utani, nikashuka nimeinua simu juu ili wote waione rangi ya kijani. Nilipofika katikati nilihisi uso unawaka na moyo unakimbia, pumzi nazivuta haraka haraka bila kushiba, nikajiambia ni woga wa kusema mbele ya watu. Nikageuka nianze hotuba. Simu ikaniponyoka mkononi, na mimi, kama mtu yeyote, nikainama kuiokota.

Ninachokumbuka ni kioo cha simu kati ya mawe, kijani kabisa.

Yaliyobaki nimesimuliwa. Wanaume wawili walitaka kuruka ndani kunitoa, na Mama Vumilia akawapigia kelele ambayo wanasema ilisikika mpaka barabara ya Sake: “Mutu asishuke! Mwenye atashuka tutamuzika pamoja na yeye!” Akakimbia nyumbani, akatoka na mti mrefu wenye ndoano mwisho wake, ule wa kuangushia matunda ya avoka, akalala kifudifudi ukingoni, kichwa juu, mikono peke yake ndani, akanasa kamba ya mfuko wangu wa mgongoni, na wamama wakamshika miguu, wakavuta. Nilitolewa kama gunia la viazi, kwa mgongo, juu ya mawe yanayokata, suruali nyeupe ikabaki vipande na wigi likabaki shimoni. Nilipopata fahamu nilitapika juu ya viatu vya shefu. Halafu nikaona watu wote, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Nilitaka kuona mkubwa wangu ana hasira kiasi gani, lakini macho yangu yalikwenda kwa wale wamama wenye bidoni. Mmoja alikuwa amemtoa mtoto mgongoni, amemkumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Baada yangu ilikuwa zamu yake. Wamama huinama kupanga mzigo, watoto huinama kuokota mawe, na mimi ndiye niliyewaambia wapite.

Mama Vumilia akapiga magoti karibu yangu, akanipa maji, akangoja nimeze.

“Kitambala yangu iko wapi?”

Nikasema sijui. Nilidanganya, ndiyo, nimelala chini nusu mfu bado nikadanganya. Lakini mfuko ulikuwa umepasuka kwenye mawe, na koleo, na bisibisi, na kile kitambaa vilikuwa vimetawanyika mbele ya watu wote, kitambaa chenyewe kimekuwa cheusi kwa mafuta, na alama ya soli ya kiatu changu inaonekana wazi. Akakiokota. Akakikunjua polepole juu ya paja lake, na hapo ndipo nilipoona kifungo kimoja kidogo cha shati pembeni.

“Ilikuwaka shemizi ya bwana yangu,” akasema. “Alikufiaka mule. Aliinama kufungua mbuzi.”

Afadhali angenipiga.

Nilikiomba nikakifue, akaniachia. Nilikifua mara tatu nyumbani, kwa sabuni ya unga, kwa sabuni ya mche, kwa maji ya moto, huku nalia kama mtoto, na mafuta hayakutoka. Nilirudi nacho mchana wa siku iliyofuata, nimebeba na ule waya wa antena uliokuwa ofisini siku zote. Nikamwambia mama nisamehe, doa limekataa. Akakiinua kwenye jua, akakitazama mbele na nyuma.

“Rangi bado inaonekana,” akasema. “Njo kazi yake, kuonekana. Chomeka.”

Nikachomeka kijiti mimi mwenyewe, nikafunga kitambaa mimi mwenyewe, yeye amesimama nyuma yangu. Kisha, upepo ukiwa unavuma vizuri na yeye akinihesabia dakika kwa sauti kutoka ukingoni, nikashuka nimesimama wima, nikateremsha kifaa kwenye nguzo mpaka usawa wa magoti kwa kukisukuma na fimbo bila kuinama, nikaiacha antena peke yake juu. Alfajiri iliyofuata simu yangu iliniamsha. Nyekundu, na nyekundu tena robo saa baadaye, mpaka jua lilipopanda. Njia ile haijafunguliwa, wamama bado wanazunguka kwenye mawe, na sasa wanajua kwa nini.

Wanaonicheka wanicheke, wigi liko kule kule, nimewaachia. Ila nimeapa jambo moja. Nikifika mahali papya, kabla sijatoa hata bisibisi mfukoni, ninamtafuta mama wa nyumba iliyo karibu, ninasalimia, ninakaa, na ninamuuliza: mama, hapa alikufa nani, na alikuwa amesimama ama ameinama?