Mkono wa Mzee Bado

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ismaili Mtopa, lakini hilo lilitumika msikitini na kwenye daftari la mahudhurio tu. Kwingine kote alikuwa Mzee Bado. Ukimkuta kwenye sinia la ugali, jasho linamtiririka, mkono unakwenda na kurudi, ukamuuliza, "Mzee, umeshiba?", jibu lilikuwa lile lile miaka nenda miaka rudi: "Bado."

Msidhani watu walimchukia kwa ulaji ule. Walimpenda, na sababu yao ilikuwa ya tumbo hasa. Kijiji chao kilikuwa kipya, kimoja cha vile vya ujamaa, kusini ya Lindi kwenye njia ya Sudi, nyumba zimepangwa mistari kama askari wa gwaride. Siku za shamba la pamoja, rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni ikigongwa, watu wote walikwenda kwenye mihogo na mbaazi, na mchana akina mama walipakua. Wanaume walikaa sita sita kwa sinia, na kila sinia lilikuwa na mkubwa wake. Mkubwa ndiye aliyetangulia kutia mkono. Mkubwa akiinua mkono wake na kusema alhamdulillahi, basi, na wengine waliinua yao hata kama ugali umebaki mlima. Kijana aliyeendelea kumega wakati mkubwa ameshainua mkono hakuwa na malezi, na habari zake zingefika kwa mama yake kabla yeye mwenyewe hajafika.

Sasa fikirini mwaka ule wa njaa, unga wenyewe wa msaada, wa njano, na kijana ametoka kulima tangu alfajiri. Akipangwa kwenye sinia la Mzee Abdulrahmani, mtu mwema, mtu wa swala, lakini tumbo lake kama la kuku, basi imekula kwake. Matonge matano, alhamdulillahi, mkono juu. Vijana wa sinia lile walirudi kwenye majembe wakitazamana. Kwa Mzee Bado mkono haukuinuka mpaka sinia liwe jeupe. Ndiyo maana vijana waligombea kukaa kwake, na Abdala, fundi wa kuwahi nafasi, alikuwa tayari kuacha tuta katikati.

Mwili wake ulilingana na sifa zake. Msimu wa korosho uliotangulia, vijana walimpandisha kwenye mizani ya ghala kwa mzaha. Gunia la korosho ni kilo themanini. Yeye alivuta mia na kumi na mbili, ghala zima likashangilia, naye akashuka ameinua kidevu kama aliyeshinda uchaguzi.

Halafu mwezi wa Machi, katikati ya palizi, akatapika damu.

Tumbo lilikuwa likimuuma tangu zamani, naye alilinyamazisha kwa kula. Siku ile halikunyamaza. Walimbeba kwa kitanda mpaka barabarani, wakampandisha lori la mbao, na jioni alikuwa hospitali ya misheni huko bara, anatazamwa na daktari aliyesema maneno machache na muuguzi aliyesema mengi. Muuguzi aliitwa Justa, Mmakonde wa uwanda wa juu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamuru ng'ombe. Ndiye aliyemwambia: kidonda kimekula tumbo, hakiponi kwa dawa, linakatwa au unakufa.

"Linakatwaje tumbo la mtu?" Ismaili aliuliza.

"Kwa kisu, mzee. Kisha linashonwa."

Alikubali kwa sababu Esha mkewe alikuwa amesimama pale miguuni pa kitanda, na hakutaka kumwona akilia mbele ya wageni.

Alipozinduka, siku ya tatu, aliuliza kilichobaki ni kiasi gani. Justa hakutafuta maneno. Alikunja ngumi yake, ngumi ndogo ya mwanamke, akaiweka mbele ya macho ya Ismaili.

"Hili ndilo tumbo lako sasa. Sehemu nyingine tumeitoa. Utakula kidogo, mara sita kwa siku. Utafune mpaka chakula kiwe uji. Maji usinywe pamoja na chakula. Ukijaza kupita hapa," akaipiga ngumi ile kwa kidole, "moyo utakwenda mbio, jasho litakutoka, utaanguka. Na mshono ukiachia, mzee, mimi sitakuwepo huko kwenu."

Ismaili alilala akiitazama ngumi yake mwenyewe. Msidhani alihuzunika. Alistaajabu, mpaka akasahau maumivu. Watu wamempasua, wakaingia ndani alikofika Mungu peke yake, wakakata, wakashona kama gunia, na yeye huyu hapa anasikia jogoo wa misheni akiwika. Akasema subhanallah. Kisha akasema tena. Wagonjwa wenzake wawili wa Kikristo waliitikia amina, bila kujua wanaitikia nini.

Aliporudi kijijini, mwezi wa Mei, mshangao ukawa wa wengine. Watu walimwamkia shikamoo, macho yakimpanda na kumshuka. Shati lilimning'inia kama limeanikwa. Abdala, ambaye mdomo wake haukuwa na kizuizi, akamwomba apande mizani tena. Kilo themanini na sita. Ghala halikushangilia. Mtu mmoja kule nyuma alisema, "Loo, amekaribia gunia."

Hapo ndipo shaka ilipomwingia, ikamkaa. Hakuwa na njaa. Mnaelewa? Mtu aliyeamka na njaa na kulala na njaa kwa miaka hamsini na nane sasa aliamka na kukuta kimya, kama nyumba iliyohamwa. Alikaa barazani akijiuliza kama yule daktari alikata kidonda tu, au alimkata na Ismaili mwenyewe akamtupa pamoja na kidonda. Mzee Bado asiye na bado ni nani? Kuna siku alijuta waziwazi, akamwambia Esha heri angekufa mzima.

Esha alimpikia kama alivyoagizwa, vibakuli sita vya uji na kunde zilizopondwa. Alivila viwili, vile vya asubuhi na jioni. Vile vya katikati alivikataa katakata.

"Mwaka huu wa njaa, Mama Kidawa, mimi nijifungie ndani nile mara sita? Watu wataniitaje?"

"Watakuita mgonjwa, Baba Kidawa."

"Wataniita mchoyo."

Na kweli, katika kijiji kile mtu angesamehewa mengi, lakini kula peke yake nyuma ya ukuta hakusamehewa. Kwa hiyo juma la pili, rimu ilipogongwa, Ismaili alichukua jembe dogo la mwanawe, akaenda shamba, si kulima sana bali kuonekana. Mchana vijana wakamwita kwa furaha. Nafasi yake ilikuwa wazi. Abdala alikuwa ameshakaa kitako.

Alitia mkono. Tonge la kwanza alilitafuna mpaka likawa maji. La pili vilevile. La tatu lilipopita, alisikia pale chini ya kifua, kama Justa alivyomwonya, mlango umefungwa. Akainua mkono, akasema alhamdulillahi.

Mikono mitano ikainuka.

Alitazama sinia. Ugali ulikuwa umemegwa pembeni tu, kama umelambwa na paka. Alitazama vijana. Walikuwa wananawa, macho chini, na Abdala koo lake lilipanda likashuka.

"Endeleeni," Ismaili alisema. "Kuleni, wanangu, mimi ni mgonjwa."

"Tumeshiba, babu," walijibu kwa pamoja, kwa sababu hakuna jibu jingine ambalo mtoto aliyelelewa angeweza kutoa.

Alasiri nzima aliwatazama wakilima na njaa yao, na kila jembe lililopanda lilimchoma. Kama angeliacha sinia lile, vijana wangehamishiwa kwa Mzee Abdulrahmani. Kama angebaki, ndiyo hivi. Tumbo lake la ngumi lilikuwa limefunga matumbo matano mengine.

Kesho yake aliamua kula. Alikwenda kama mtu anayekwenda vitani, hakumwambia Esha. Tonge la nne likashuka kwa nguvu. La tano, la sita. Vijana wakachangamka, mikono ikafanya kazi, Abdala akaanza kutania. La nane. Mbele ya macho yake sinia likaanza kuzunguka taratibu. Moyo ukaanza kupiga kama unatafuta pa kutokea, jasho baridi likamwagika mgongoni, na kitu ndani yake kikavutika, kikauma, pale kwenye mshono. Alifikiri, basi, umeachia. Akaanguka ubavu, mkono wake ungali na ugali.

Haukuachia. Alitapika, akalala kivulini mpaka moyo ukarudi mahali pake, kisha Abdala akambeba mgongoni mpaka nyumbani. Katika kubebwa huko Ismaili aliona aibu mara mbili: kwanza kwa kubebwa, pili kwa sababu kijana hata hakuhema.

Esha alisubiri wageni waondoke. Alipoanza kusema, hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nimekaa chini ya mti wa misheni siku tatu, Baba Kidawa. Sikulala. Nilimwambia Mungu anirudishie chochote, hata kipande. Akanirudishia. Sasa wewe unataka kufa kwa adabu?"

"Watoto wanalala njaa kwa ajili yangu."

"Na ukifa watashiba?"

Esha akalia, na yeye akalia, watu wazima wawili, na kibakuli cha kunde kikapoa kati yao. Ismaili akakivuta, akala vijiko vinne, akitafuna polepole huku mkewe akimhesabia kwa macho. Alikula, tusidanganyane, kwa ajili ya mkewe tu.

Siku tatu hakwenda shamba. Ya nne alikwenda, kwa sababu kukaa nyumbani kulimkondesha zaidi ya kisu. Alimwahidi Esha: matonge matatu, halizidi hata moja. Nini kingefuata hakujua.

Sinia likaletwa: ugali wa njano, mbaazi za nazi, na vipande vya samaki mkavu. Vijana walikaa kwa heshima, wakamega vidogo vidogo, kama watu waliokwisha kukata tamaa. Ismaili alikula tonge la kwanza. La pili. La tatu. Mlango ukafungwa.

Mkono wake ulikuwa pale kwenye ukingo wa sinia, vidole vina ugali. Kuuinua hakuweza, alijua kitakachotokea. Kuupeleka kwenye ugali hakuweza, alikuwa ameahidi. Basi hakuupeleka popote. Aliuacha umelala pale ukingoni, akasubiri kuaibika.

Abdala alikuwa ameshaanza kuurudisha wake. Aliutazama mkono wa mzee. Haukuinuka. Akatazama wenzake. Mkono wa mkubwa ungali ndani ya sinia, vidole bado vichafu. Na kama mkono wa mkubwa ungali ndani, nani kasema chakula kimekwisha?

Abdala akamega tonge kubwa. Wa pili akamega. Kisha ikawa mikono mitano, kwenda na kurudi.

Ndipo Ismaili alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona maisha yake yote. Aliona watu wakila. Miaka hamsini na nane alikaa kwenye masinia na watu, na kila mara alikuwa ametazama ugali tu. Hakujua kwamba Abdala, mwenye mdomo ule, hufumba macho anapotafuna tonge la kwanza. Hakujua kwamba kuna mmoja humega samaki akamsogezea mwenzake bila kumtazama, na mwenzake hupokea bila kushukuru, kama mtu na mkono wake wa pili. Aliona mishipa ya shingo ikilegea. Aliona rangi ikirudi usoni, jasho jipya likichomoza kwenye paji la uso, nguvu ikiingia ndani ya mtu tonge kwa tonge. Kitu kilichokuwa unga ndani ya gunia kilikuwa kinageuka kuwa Abdala, mbele ya macho yake. Mwili ukamsisimka. Alikumbuka ngumi ya Justa, akaikunja ya kwake ya kushoto juu ya goti, taratibu, akaona kwamba hata ile ngumi moja ya tumbo lake, ndani ya kiza, muda huu huu, inafanya kazi ile ile.

Akasema subhanallah, kimoyomoyo.

Sinia likaanza kung'aa katikati. Ukabaki ugali wa matonge mawili matatu hivi, na vijana wakapunguza mwendo, wakamwangalia. Mkono ungali ukingoni, umekauka. Walijua. Bila shaka walijua tangu zamani.

Abdala alimeza. Akauliza, kwa sauti ya chini, sauti ambayo Ismaili hakujua kwamba kijana yule anayo, "Babu, umeshiba?"

Ismaili alikuwa ameshiba mpaka kooni. Akasukuma kipande cha mwisho cha samaki upande wa kijana, akaurudisha mkono wake ukingoni.

"Bado," alisema.