Kadi Zilizokuwa Njiani

Hulda Musimbi alikuwa mtunza kadi katika zahanati ya misheni upande wa Kiplombe, mwaka ule wa kura ya mlolongo, watu walipopiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea wao, zamani zile kadi ya mgonjwa ilipokaa zahanatini, si mfukoni mwake. Dirisha lake halikujua foleni. Lakini akina Yohana na Maria walipozidi kuwa wengi, alimwomba Sista mkuu ruhusa ya kuzipanga kadi upya, kwa jina la baba badala ya jina la ubatizo. Akaanza kuzihamisha huku dirisha li wazi.

Kufikia Jumatano watu walipangana hadi langoni. Kadi moja ilitafutwa mpaka chai ikapoa. Nyingine hazikuonekana kabisa. Okello, mfunga vidonda, akapita akiuliza ni mgombea gani wanayempangia foleni.

Ndipo Kinyanjui, mwenye duka kule Pioneer, alipomleta mkewe Virginia, kifua kimembana hata kusema hawezi. Sindano aliyodungwa mwaka uliotangulia nusura imuue. Jina la dawa ile lilikuwa kwenye kadi, na daktari hakuthubutu kumpa kitu kabla ya kuiona.

Hulda akatafuta penye Virginia, patupu. Akatafuta kwa jina la babake, Githinji, patupu vilevile.

"Labda imekwenda soko la Turbo kununua mahindi," Kinyanjui akajaribu kutania, kisha akaushika ukingo wa dirisha. "Mama Hulda, mimi nitarudi nyumbani na nani?"

Hulda akajilazimisha kuketi. Ni akina nani aliowakosa tangu Jumatatu? Wilson, Veronika, Zakayo. Abrahamu hakukosekana, wala Esta. Waliokosekana wote walikuwa wa droo ya chini, ya herufi za mwisho, ile aliyoanza nayo. Basi kadi hazikupotea. Zilikuwa njiani, zimeondoka kwao na hazijafika ziendako. Akainama chini ya meza, kwenye katoni ya sabuni alimoziweka zikingoja nafasi, na humo akaipata ya Virginia.

Daktari aliisoma, akachagua dawa nyingine. Hata adhuhuri Virginia alikuwa kwenye benchi, pumzi imemrudia, akimgombeza mumewe kwa kuacha duka bila mtu.

Hulda alimwendea Sista, akakiri kwamba haraka ilikuwa yake. Akaomba kadi zote zirudi zilikotoka. Mpango mpya angeuandaa pembeni, kwa kunakili, na dirisha lisiuguse hadi utimie.

"Utachukua muda gani?" Sista akauliza.

"Mrefu, Sista. Lakini kila atakayekuja tutampata."