Joho Lisilokatwa

Habari ilinikuta mtaani Buyenzi, nikiwa na suruali mpya ya kufupishwa mkononi: fundi wangu amezikwa jana alasiri. Innalillahi! Nikabaki mbele ya mlango wake uliofungwa kama mjinga. Wasomaji wangu hamkumjua, lakini kama mliwahi kumwona jaji mkuu wetu akiapishwa, mliiona kazi yake. Joho lile lilikuwa moja tu, la cheo, si la mtu. Kila alipoteuliwa mpya, liliteremshwa kutoka ofisi za wakubwa kule Rohero hadi kwenye cherehani ya mzee huyu ili limkae mwenye zamu.

Siku moja nilikuwa pale nikingojea zipu. Akaingia jaji mkuu mteule, mtu mfupi mwenye haraka, joho likiburuzika sakafuni.

"Mzee, kata hapa," alisema.

Fundi alitoa sindano mdomoni. "Apana, mheshimiwa. Mi sikati. Nitakunja tu."

"Kwa nini?"

"Mwenye atakuya nyuma yako anaweza kuwa murefu."

Lo! Mtu hata hajaapa, unamtajia mrithi! Mheshimiwa alivimba, akalikwapua joho, akasema mafundi wamejaa mjini. Niliogopa mimi, maana kazi ile ndiyo iliyompa mzee jina, na fundi asiye na jina Buyenzi atakula nini? Yeye akaendelea na zipu yangu. "Akipata wa kukata, akate," alisema, "lakini si mukono yangu." Kesho yake dereva wa mheshimiwa alilirudisha, likakunjwa.

Majaji wakuu wakaendelea kupokezana kiti, na sisi waandishi kila mara tukaandika kana kwamba nchi inaanza siku hiyo. Nami nimo. Fundi aliwahi kunionyesha ndani ya pindo alama za nyuzi za wote waliotangulia, na katu hakusema nani alikuwa bora. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa ushonaji wake.

Yule mfupi alipomaliza muda wake, hakumtuma dereva. Alikuja mwenyewe, joho mikononi, akakaa kwenye benchi la wateja kama sisi.

"Baba," alisema, "fumua. Mwenye amekuya ni murefu."

Cheo ni cha kuvaliwa, na anayekivaa amwachie kitambaa anayefuata. Safu hii nayo niliikuta, na iko siku nitaiacha. Suruali nimerudi nayo nyumbani. Sitampa mtu aikate, nimeikunja.